50, 40, 30 au 20: Mtaa Wako Uombe Mwendo Gani?

Mtaa wetu hapa Nakuru una barabara moja ya lami, mita 480 hivi kutoka mwanzo hadi mwisho, na vichochoro vya marram, yaani udongo wa changarawe, vinavyoingia humo kama mbavu. Lami ilipowekwa tulishangilia. Vumbi liliisha, nguo zikawa zinakauka zikiwa safi. Haikupita miezi mingi, magari yanayokwepa msongamano wa barabara kuu yakagundua kwamba kwetu kuna njia ya mkato. Desemba, watu wanapoelekea magharibi kwa sikukuu, kuna asubuhi ambazo mtu husimama muda mrefu akingoja kuvuka kwenda kununua maziwa.

Tukaita mkutano. Kwamba magari yapunguze mwendo, hakuna aliyepinga. Yapunguze hadi kilomita ngapi kwa saa, hapo ndipo tulipogawanyika. Mzee wa nyumba kumi alisema 50, kwa kuwa ndiyo sheria na hatuna haja ya kutunga nyingine. Jirani mwenye gari alisema 40, ili kila upande upate kitu. Vijana wa bodaboda walisema wanaweza kuishi na 30 mradi tusiweke matuta. Bibi mmoja ambaye wajukuu wake wako PP1, darasa la chekechea, alisema 20, akaketi.

Nimekuwa nikilipima jambo hili tangu siku hiyo, na ninayaandika niliyoyapata kwa ajili ya mtaa mwingine wowote, uwe Free Area hapa Nakuru, Migosi kule Kisumu au pembezoni mwa Kakamega, utakaofika pale tulipofika sisi.

Mkikaa kimya, mnapata 50

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 42, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika barabara zote zilizo ndani ya vituo vya biashara, miji na majiji. Kwa hiyo mtaa usiochagua chochote umeshachaguliwa 50, hata kama hakuna kibao hata kimoja. Nakuru ilipopata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, namba hiyo haikubadilika.

Ubaya wake ni kwamba ni namba ya mji mzima. Haitofautishi Kenyatta Avenue, yenye njia za kutembelea na taa, na kichochoro cha nyuma ya jikoni kwako ambako mtoto anafukuza tairi. Mzee wetu alikuwa sahihi kuhusu sheria. Nilipomuuliza kama angependa gari lipite mbele ya geti lake kwa mwendo huo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani 50 ni pole."

Wengi wetu tunadhani hivyo. Ukiwa ndani ya gari 50 ni pole kweli.

Chokaa barabarani

Niliona maneno hayatatusaidia, nikachukua kamba ya kupimia na chokaa. Mahali nilipoanzia ni kwenye kibanda cha mboga, ambapo pickup huegeshwa kila siku na watoto hutokezea nyuma yake bila kuonekana. Nikafanya hesabu ya kawaida ya umbali wa kusimama: sekunde 1 ya dereva kushtuka na kukanyaga breki, kisha umbali wa breki zenyewe zikiwa nzima. Nikachora mstari kwa kila mwendo.

| Mwendo (km kwa saa) | Kusimama, lami kavu | Kusimama, marram yenye unyevu | Muda wa kupita mita 480 |
|---|---|---|---|
| 20 | mita 8 | mita 9 | sekunde 86 |
| 30 | mita 13 | mita 17 | sekunde 58 |
| 40 | mita 20 | mita 27 | sekunde 43 |
| 50 | mita 28 | mita 38 | sekunde 35 |

Kwenye karatasi namba hizi hazimshtui mtu. Barabarani ni habari nyingine. Mama wa kibanda alisimama kwenye mstari wa mita 28, akageuka kutazama pickup ilipo, akaona umbali kati yake na pale ambapo mtoto angetokezea. Hakusema kitu. Alitembea polepole kurudi hadi mstari wa 13, akasimama tena.

Kitu ambacho mistari ile haikuweza kuonyesha, nilikieleza kwa mdomo. Gari la 30 likiwa limeshasimama kabisa pale kwenye mita 13, gari la 50 likipita hapo dereva wake bado hajaanza kufunga breki. Katika ile sekunde moja ya kushtuka limekwenda karibu mita 14. Kwa hiyo mtoto aliyeko mita 13 mbele hatagongwa na gari lililopungua mwendo. Atagongwa na 50 nzima. Na nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la 50 lina nguvu mara 2.8 ya lile la 30, ingawa namba yenyewe haijafika hata mara mbili.

Mwili nao una kikomo chake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 kuhusu watembea kwa miguu waliogongwa ulionyesha kwamba hatari ya kufa hufika mmoja kati ya kumi gari likigonga kwa takriban kilomita 37 kwa saa, na mmoja kati ya wanne kwa takriban 51. Ila wastani huo unaficha jambo linalomgusa bibi yetu. Utafiti huohuo ulikuta kwamba mtu wa miaka 70 akigongwa kwa 40, hatari yake ya kufa inakaribiana na ya kijana wa miaka 30 aliyegongwa kwa 56. Mtaa wenye wazee wengi hauwezi kujipimia kwa kifua cha kijana.

40: mbona inavutia hivi?

Namba hii ilikuwa na wafuasi wengi mkutanoni, na naelewa sababu. Inasikika kama mapatano. Mwenye gari anapoteza 10, mtembea kwa miguu anapata 10, tunapeana mikono.

Rudi kwenye chokaa. Pale mita 13, gari la 30 liliposimama, gari la 40 bado lina mwendo wa kama 35. Breki zimeguswa mita mbili tu zilizopita. Yaani kwa mtoto wa pale nyuma ya pickup, mapatano yetu yangemfikia karibu yote yakiwa bado mwendoni.

Sisemi 40 haina kazi. Ninaiona inafaa kwenye ile barabara inayobeba matatu kutoka mtaani kwenda mjini, kama ina njia ya miguu iliyotengwa kwa ukingo, stendi za kushukia abiria na vivuko vilivyoinuliwa. Pale watu wanatembea pembeni na kuvuka mahali panapojulikana. Kama barabara yenu haina njia ya miguu, na nyingi za mitaani hazina, 40 iondoeni mezani mapema, la sivyo itashinda kwa sababu tu imekaa katikati.

30 na 20, hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo

30 ina historia ndefu kidogo. Mji wa Graz huko Austria uliiweka mwaka 1992 kwenye mitaa yake karibu yote, ukabakiza barabara kuu. Februari 2020, mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walipokutana Stockholm kuhusu usalama barabarani, tamko lao lilitaka 30 iwe ndiyo kikomo pale ambapo magari na watu wanaotembea au kuendesha baiskeli huchanganyika mara kwa mara. Ukisoma maneno hayo ukiwa Kondele kule Kisumu au Kaptembwo hapa Nakuru, utajiuliza ni mtaa gani wetu ambao hawachanganyiki.

Inalipa nini na inagharimu nini? Kwenye mita zetu 480, dereva wa 30 anachelewa sekunde 23 kuliko yule wa 50. Nimerudia hesabu hiyo mara tatu kwa sababu watu hawaiamini. Sekunde 23. Abiria wa matatu husubiri zaidi ya hapo konda akitafuta chenji.

20 ni kitu tofauti kabisa, wala si 30 iliyokazwa. Waholanzi walianza kujaribu katika mji wa Delft mitaa ambayo gari ni mgeni na wenyeji ni watu wanaotembea na kucheza, na mwaka 1976 wakaipa nafasi katika sheria zao. Gari huko huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Vichochoro vyetu tayari viko hivyo kimatumizi. Mkokoteni wa maji umesimama katikati, wasichana wanaruka kamba, mtu ameanika mahindi kwenye gunia, na hakuna anayeona ajabu. Hapo kuandika 20 ni kuipa jina hali iliyopo.

Ila 20 kwenye ile lami yetu iliyonyooka? Nilimweleza bibi kwa heshima kwamba naiogopa, na sababu yangu ni kwamba barabara ingemdanganya dereva. Ni pana, ni laini, inaonekana hadi mwisho, halafu kibao kinamwambia atambae. Angetii siku mbili. Kikomo ambacho kila mtu anakivunja kinafundisha watu kuvidharau na vibao vingine, hata kile cha mbele ya shule. Ili 20 ishike pale tungehitaji kuibadilisha barabara yenyewe, kwa kuibana, kuipinda na kuipandia miti katikati. Nikiona kaunti iko tayari kufanya hivyo nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Kwa bajeti ya wadi ninayoijua, niliomba tuchague 30 kwenye lami na 20 kwenye vichochoro.

Nitaje njia nyingine ya kuchagua, kwa sababu mhandisi anaweza kuwaletea. Kuna utaratibu wa zamani wa kupima magari yanakwenda kwa mwendo gani sasa, kisha kuweka kikomo karibu na ule mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi. Mantiki yake ni kwamba madereva wengi wana busara. Kwa barabara kuu kati ya miji ina hoja. Kwa mtaa wa makazi ni kumuuliza mgeni anayekatiza ni saa ngapi wenyeji walale. Mkiletewa vipimo vya namna hiyo, pokeeni kwa shukrani kama habari ya ukubwa wa tatizo, msikubali vigeuke kuwa jibu.

Kibao au tuta

Hapa nataka nikae zaidi, kwa sababu mtaa unaweza kuchagua namba nzuri kisha ukaipoteza kwa kuridhika na kibao.

Uingereza wamejaribu yote mawili, na namba zao ni wazi. Tathmini ya serikali yao ya mwaka 2018 ilikuta kwamba mitaa ya makazi iliyowekewa vibao vya maili 20 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 32, bila kitu kingine, ilipunguza mwendo kwa chini ya maili moja. Mitaa iliyopewa kikomo hichohicho pamoja na matuta, katika uchunguzi wa mwaka 1996, ilipunguza mwendo kwa wastani wa maili 9, yaani takriban kilomita 14 kwa saa, na ajali zikashuka kwa asilimia 60 hivi. Afrika tuna mfano wa Suhum, Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi: mistari ya kutikisa magari iliyojengwa pale ilipunguza ajali kwa takriban asilimia 35. Hakuna askari aliyesimama pale usiku na mchana. Barabara yenyewe ndiyo iliyosimamia.

Nasi hatuna askari. Kamera za mkononi za trafiki ziko barabara kuu, na sijawahi kuona moja ikipima magari ndani ya mtaa wa makazi. Bodaboda nyingi nilizopanda kipima mwendo kimekufa siku nyingi, hivyo hata mwendeshaji mwenye nia njema anakisia. Tuta halihitaji kusomwa.

Lakini tuta gani? Mtaa wetu ulishajijengea lake kabla ya haya yote. Simenti, upana wa nusu mita, kimo cha kuparuza gari chini, halikupakwa rangi. Usiku mmoja bodaboda iliyobeba mama na mtoto ililivaa na kuanguka. Walipona, mama akabaki na mkono uliovunjika, na sisi tuliochanga pesa za simenti ile tukabaki na la kujibu. Tulijenga bila kuuliza mtu yeyote, na tulikosea.

Tuta la kitaalamu limejikunja taratibu. Umbo linalojulikana zaidi lilitokana na majaribio ya Uingereza miaka ya 1970: urefu wa mita 3.7 kufuata barabara, kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Gari linalipanda na kulishuka likiwa na 25 au 30 bila kuumiza mgongo wa mtu, na linapiga kwa nguvu likiwa na 50. Lile letu lilimlazimisha kila mtu kusimama, kisha kila mtu akaondoka kwa hasira na moshi. Nafasi kati ya tuta na tuta nayo ni muhimu: mita 60 hadi 100. Zikizidi hapo, dereva anapata uwanja wa kukanyaga mafuta. Kwetu matuta matano, kila mita 80, yanatosha.

Vijana wa bodaboda walikuwa na hoja mbili dhidi ya matuta, na moja ni ya kweli kabisa. Tuta likiishia kabla ya ukingo, pikipiki hupita kwenye ule mwanya wa pembeni, na mwanya huo ndio njia ya watembea kwa miguu. Unamwondolea mtoto gari, unamletea pikipiki mgongoni. Dawa ni kuweka nguzo fupi kwenye mwanya, mtu apite, maji yapite, pikipiki isipite. Hoja yao ya pili, kwamba matuta yanawachelewesha, niliwajibu kwa zile sekunde 23.

Kisumu mna mambo mawili ya kuongeza. Tuktuk ina magurudumu matatu, na tuta lenye makali humwinua abiria wa nyuma vibaya, kwa hiyo ombeni lile la kujikunja au lenye bapa juu, msikubali lile jembamba. Pili, sehemu za chini kama Nyalenda hukaa na maji mvua ikinyesha. Tuta linalokata barabara bila kuacha njia ya maji hugeuka kuwa bwawa, na ndani ya msimu mmoja lami ya pembeni yake imeoza. Uliza habari ya mtaro kabla ya kuuliza habari ya tuta.

Mbele ya shule ya chekechea tulichagua kivuko kilichoinuliwa, tuta lenye bapa pana na michoro ya pundamilia juu yake. Ni ghali kuliko tuta la kawaida, lakini mtoto anavuka akiwa juu, dereva anamwona.

Njia ya kufunga mwisho mmoja wa barabara kwa nguzo, ili watu na baiskeli wapite na magari yasikatize, tuliijadili pia. Kwa tatizo letu la njia ya mkato nadhani ingefanya kazi kuliko zote. Wenye magari mtaani waliogopa kuzunguka, na wengine wakauliza gari la zima moto litapitia wapi. Hatukufika mwisho wa mjadala huo. Mtaa wenye njia mbili nzuri za kuingilia uifikirie kwa uzito kuliko tulivyofanya.

Barua inakwenda wapi

Anza kwa kujua barabara ni ya nani. Barabara nyingi za mitaani ni za kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara zake pamoja na usimamizi wa trafiki na maegesho. Baadhi za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Ofisi ya wadi itawaambia. Barua ikienda kwa asiyehusika itazungushwa hadi mchoke.

Jambo la pili ni kalenda, na hili hatukulijua mwaka wa kwanza. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Sisi tulipeleka ombi letu mwezi wa Mei. Tulipokewa vizuri, tukaambiwa kwa upole kwamba pesa zimeshagawanywa. Nendeni Julai au mapema Agosti, mpango ukiwa bado unaandikwa, na mkae hadi mwisho kwenye vikao vya kushirikisha umma, maana mambo ya barabara za mitaani mara nyingi hufika jioni watu wakiwa wameshaondoka.

Barua yetu ya pili iliomba 30 kwenye lami, 20 kwenye vichochoro vyote, matuta matano ya kujikunja yenye nguzo pembeni, kivuko kimoja kilichoinuliwa, na lile tuta letu la simenti libomolewe. Bibi alitaka iongezwe kwamba rangi ya matuta ipakwe upya kila Novemba, kabla wageni wa Desemba hawajafika. Tukaongeza.

Ukitaka kupima mtaa wako, kamba ya mita 30 na chokaa kidogo vinatosha. Nenda alfajiri kukiwa kumekucha, magari yakiwa bado machache, na uweke mtu mzima kila upande wa kutazama barabara wewe ukiwa umeinama. Anza pale ambapo mtoto hutokezea ghafla, si pale ambapo barabara inaonekana vizuri.